Mlango wa Ua wa Nyati

Paukwa!
Pakawa.
Kimekauka nini?
Mto, kisima na nyasi.
Kimebaki kibichi nini?
Mswaki wa Digidigi!

Basi kaeni vizuri, na wewe wa nyuma toa kidole puani. Mwaka huo jua liliwaka mpaka mawe yakaomba kivuli. Nyika nzima hapakubaki jani, ila kichaka kimoja cha mswaki, kijani utadhani hakijasikia habari za ukame. Kilikuwa mlangoni kwa Digidigi, yule paa mdogo mwenye miguu kama njiti. Majani yale ndiyo chakula chake na mwanawe, na ndiyo maji yao. Alichuma kidogo asubuhi, kidogo jioni, akingoja mvua.

Akaja Nyati, gudu, gudu, gudu. Akapiga hodi, akakaribishwa. Siku ya kwanza akala upande wa mashariki, nyafu, nyafu. Siku ya pili akala upande wa magharibi, nyafu, nyafu. Mtoto akalala na njaa, mama akalia kwa uchungu.

Siku ya tatu Digidigi akafuta machozi, akamwamkia Nyati.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sina, lakini pembe unazo."

Nyati akauliza alime nini kwenye vumbi lile. Akaambiwa apande ua, kwani Tembo naye amesikia habari za kichaka na yuko njiani. Kusikia atagawana chakula, Nyati akainuka mbio.

Digidigi akamletea vijiti vya mnyaa, mmea usiojali kiangazi, ukichomekwa mchangani unashika. Nyati akachimba kwa pembe, chuku, chuku. Akachomeka, akasogea. Akachimba, chuku, chuku. Akachomeka, akasogea. Alisimama nje muda wote, maana ndani angekanyaga chakula chake.

"Mlango uwe mpana kiasi gani, bwana?"

"Mwembamba. Tembo asipite, Pofu asipite, hata Ngiri asipite. Upite wewe tu, uniletee majani."

Digidigi akaitikia vizuri, akapita na mwanawe, wakaanza kula. Nyati akangoja. Akangoja tena. Mwishowe akasukuma ua kwa kichwa, na utomvu mweupe wa mnyaa ukamrukia machoni, chwaa! Akapiga kelele afunguliwe.

"Uko wazi, bwana," akajibu Digidigi, mdomo umejaa. "Ni mlango wako."

Nyati akaenda zake kutafuta maji ya kunawa, gudu, gudu, gudu. Mvua ilipofika, kichaka kilikuwa kimechipua pande zote mbili.

Funzo, wanangu: msipande kitu. Aliyelima alikosa, asiyegusa udongo akashiba. Hata hivyo, vijiti vyangu vya mnyaa viko nyuma ya nyumba, na leo ni siku yenu ya tatu hapa.

Ngano yangu imepita mlango wa Digidigi. Mnene asiifuate.