Mlinzi Asilale

Katika mchezo wa hadithi uliochezwa mezani kwa Shaweji, kila aliyetaka kufanya jambo alimwomba Shaweji, naye alitaja namba ya kufikisha kwa dadu la pande ishirini. Mwatumu alitajiwa ishirini kila mara. Siku hiyo mhusika wake alikuwa gerezani akisubiri kunyongwa. Akinyongwa, kiti chake kingekuwa cha binamu wa Shaweji, aliyekwisha kusimama nyuma ya Mwatumu na soda mkononi.

"Kaka, naomba nichukue funguo kiunoni mwa mlinzi."

"Yuko macho, dada. Angekuwa amelala, ungezichukua hata bila dadu. Ishirini."

Mwatumu alirusha, akapata nne.

"Umebakiwa na ombi moja," alisema Shaweji.

Mwatumu alishusha pumzi. "Basi naomba nipige naye soga asilale mpaka asubuhi. Huenda akanihurumia. Au hilo nalo ni ishirini?"

"Hilo nalo."

Dadu lilitua kwenye tatu.

"Umeshindwa, dada. Inuka."

"Nimeshindwa kweli," alisema Mwatumu, akijivuta karibu na meza. "Mlinzi kalala. Nachukua funguo."

Binamu aliuliza kama kuna kigoda.