Kitufe cha Mzee Hakiguswi

Kaeni, kaeni. Na nyinyi mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo huku mbele na hakuna atakayewang'ata.

Kwaya, asanteni. Nimewaona mlivyotazamana baada ya ubeti wa pili, kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa macho. Mungu amepokea hivyo hivyo. Ila mmenikumbusha kitu, na badala ya kuanzia pale nilipopanga, naanzia kwenye hilo gitaa la besi mlilolishika.

Sikieni. Katika mji mmoja wa reli palikuwa na kwaya. Msiniulize mji gani wala kanisa gani, maana nawajua, mkitoka hapa mtaanza kupigiana simu. Ni mfano. Watu wake sikuwapa majina, lakini nadhani mtawatambua.

Kwaya hiyo zamani zake, jamani! Enzi hizo spika zilikuwa makabati ya mbao, seremala wa kanisa ndiye aliyezipiga randa. Umeme ukikatika wanafunga betri ya gari na ibada inaendelea. Sare ni shati jeupe na tai iliyoshonwa kwa kitambaa cha pazia. Mazoezi Alhamisi jioni: king'ora cha karakana kikishalia, wanaume wanakuja na ovaroli zao zenye grisi, wanawake wametangulia, wameshabandika chai. Mnakumbuka kanisa lilivyokuwa likinuka Alhamisi? Tangawizi, mafuta ya taa, na vitabu vya nyimbo vilivyowahi kunyeshewa. Harufu ile nikikutana nayo leo mahali popote naweza kulia. Nasema kweli, siwatanii.

Pembeni, karibu na benchi la akina mama wa sauti ya pili, alikaa mzee mmoja kwenye kigoda, na gitaa la besi jekundu ambalo rangi yake ilikuwa imebanduka pale mkono unapopita. Mkewe alikuwa palepale benchini, mwimbaji. Mzee hakuwa mtu wa kurukaruka. Alipiga amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza kama kuna anayebisha hodi. Na gitaa lile, ukiacha kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti, lilikuwa na kitufe kimoja tu cha kuzungusha. Ukikifungua, sauti inakuwa nyembamba na kali. Ukikifunga, inakuwa nene. Ukiwa benchi la nyuma, besi ile ulianza kuisikia kwenye mbao ulizokalia, ndipo ikafika masikioni. Watu walitoka mbali kuja kuisikia, wakisingizia wanakuja kusikia Neno.

Mzee akafariki. Kwaya ililia mpaka ikashindwa kuimba msibani, ikabidi kwaya ya jirani iwaimbie. Kisha wakafanya jambo la upendo. Mama mmoja alitoa rangi ya kucha kwenye mkoba, akatia nukta palepale kitufe kilipokuwa kimesimama Jumapili ya mwisho ya mzee. Mwingine akaleta plasta, ile ya kufungia kidonda, wakakizungushia. Gitaa akapewa mwanafunzi wake, naye akaagizwa mbele ya wote: piga nyimbo zote, badilisha nyuzi zikikatika, lakini kitufe cha mzee hakiguswi.

Na hakikuguswa. Plasta ikichakaa, wanaweka nyingine juu yake. Watoto waliijua sheria ile kuliko Amri Kumi. Mchungaji mgeni siku moja alinyoosha kidole tu, anataka kuuliza, akina mama wote wakaguna.

Je, hapo pana kosa? Mimi ningekuwepo ningechangia plasta.

Miaka ikaenda. Kwaya ikaanza kupungua upande wa sauti ya nne, wale wanaume wa sauti nzito. Mmoja alisema amezeeka. Mwingine alisema shamba limekuwa mbali. Mwingine hakusema kitu, aliacha tu kuja. Benchi lao likawa la kuwekea makoti na miavuli. Watu wakasema ndiyo dunia ya leo, wanaume hawapendi tena kanisa. Wakaiombea dunia, wakaendelea.

Ikafika jubilei ya kwaya. Mjane wa mzee hakuwa amerudi benchini tangu msiba; kwanza ilikuwa uchungu, baadaye ikawa miguu. Lakini safari hii akatuma ujumbe kwa mpiga besi: "Mwambieni nitakuja hata kwa toroli. Nataka nimsikie mwenzangu mara moja tena kabla sijamfuata."

Mpiga besi akajibu, "Mwambieni mama atamsikia." Aliahidi. Na wiki ileile, katikati ya mazoezi, gitaa likakoroma, likanyamaza.

Akalibeba mbio kwa fundi redio. Fundi akafungua mgongo wake, akachungulia, akatikisa kichwa. Nyaya zimeliwa na kutu ya kijani, na kitufe kimeoza pamoja na plasta yake.

"Kaka, humu ndani hakuna cha kuokoa," fundi akasema. "Lakini njia zipo tatu. Nikurudishie kitufe kimoja kama kilivyokuwa, hakitaki betri wala nini. Au nikuwekee ikwalaiza ya betri yenye vitufe viwili, kimoja cha sauti nene, kimoja cha nyembamba. Au hii ya vitufe vitatu, inayo na sauti ya kati. Chagua mwenyewe."

"Ipi itanipa sauti ya mzee?"

"Mzee mimi sikumjua, kaka. Nimehamia huku juzi tu. Wewe ndiye uliyemsikia."

Mpiga besi akakitazama kile kitufe kilichooza. Miaka yote amekuwa mlinzi wa nukta ya rangi ya kucha. Sauti yenyewe hakuwa ameishika.

Akaita wakongwe wa kwaya waje kibandani kwa fundi wawe waamuzi. Fundi akaunganisha ikwalaiza juu ya meza, akawa anazungusha, mpiga besi anapiga. Mama mmoja kiongozi wa sauti ya kwanza akasema, "Mzee alikuwa laini. Mnene. Unahisi kama umekanyaga godoro." Mpiga ngoma akaruka: "Laini wapi, dada yangu? Mzee alikuwa mkali, kila mdundo unauona unakuja!" Mwalimu wa kwaya akawatuliza wote kwa mikono, kama kawaida yake. "Mmesahau. Mzee alikuwa wa katikati. Besi yake ilikuwa inaongea, kama mtu anayekunong'oneza sikioni."

Fundi akifungua kitufe hiki, mmoja anapiga makofi, "Ndiyo hiyo!" na wawili wanaziba masikio. Akifunga kile, anashangilia mwingine. Jioni ikawakuta wanakaribia kukunjana mashati, wazee wazima, juu ya sauti ya marehemu. Sasa niambieni: wote walikuwepo. Kanisa moja, Jumapili zilezile, gitaa lilelile. Mwongo ni nani? Shikeni hilo swali, msiliachie.

Kesho yake mpiga besi akaona hakuna njia ila kwenda kwa mjane. Akamkuta barazani, ungo magotini, anachambua choroko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka hivyo? Gitaa limekufa, siyo? Nimeshasikia. Mji huu mdogo."

Akamweleza yote, vitufe viwili, vitufe vitatu, ugomvi wa kibandani. Kisha akamwuliza kwa upole, "Mama, wewe ndiye uliyekaa karibu naye kuliko sisi sote. Mzee kitufe alikuwa anakiweka wapi?"

Mama akaacha kuchambua. "Anakiweka? Mwenzangu kile kitufe alikuwa hakiachi mahali pamoja."

"Lakini tulitia nukta, mama..."

"Sikiliza kwanza, mwanangu. Jumapili akishakaa alikuwa hapigi. Anasikiliza. Nani amekuja, nani hajaja, nani sauti imemkauka. Yule mama wa sauti ya kwanza alipofiwa na mwanawe, akawa anaimba huku anatetemeka, alikifunga, akamtandikia chini pawe laini. Mpiga ngoma alipokuwa anajifunza, anapotea kila mara, alikifungua akawa mkali, amshike mkono. Mwalimu wenu alipougua sikio, alikirudisha katikati ili amfikie. Mimi nikiwa na mafua, basi ndiyo kabisa, anahangaika nacho ibada nzima mpaka nisikike."

Mmepata jibu? Hakuna mwongo hata mmoja. Kila mtu alikuwa ameikumbuka ile Jumapili aliyobebwa.

Lakini mama hakuwa amemaliza. "Nukta mmeitia ya Jumapili gani?"

"Ya mwisho, mama. Kitufe kilikuwa kimefungwa mpaka mwisho, tukakiacha hapohapo."

Mama akauweka ungo chini. "Jumapili ile treni ya mizigo ilikuwa imeacha njia. Wanaume wote wa sauti ya nne walikuwa wameitwa kazini kunyanyua mabehewa. Benchi lao lilikuwa tupu. Mwenzangu akakifunga mpaka mwisho, besi ikawa nzito sana, akaniambia, leo itabidi niwaimbie wale wenzangu nafasi yao." Akamtazama yule mwanafunzi wa mumewe. "Na walipotoka huko kwenye mabehewa wakarudi kanisani, mlikifungua?"

Ndugu zangu, angejibu nini?

Wale wanaume walirudi. Jumapili iliyofuata walirudi, na iliyofuata tena, na waliimba kwa nguvu zao zote. Ila mahali pao palikuwa pameshakaliwa, besi ilikuwa inapiga sauti yao juu yao, na mtu hawezi kuimba miaka mahali ambapo hajisikii mwenyewe. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewasema vibaya. Walifunikwa, wakachoka, wakaenda mmoja mmoja. Na waliowafunika walifanya hivyo kwa mapenzi, kwa heshima ya mzee ambaye kama angefufuka angekuwa wa kwanza kuibandua ile plasta kwa meno.

Mpiga besi alirudi kwa fundi. "Niwekee ya vitufe vitatu."

"Umeikumbuka sauti ya mzee?"

"Hapana," akasema. "Weka tu."

Kisha akafanya jambo ambalo wapiga besi hawana kawaida nalo. Akaenda nyumba kwa nyumba, kwa wale wa sauti ya nne, akawaomba radhi. Wengine walimcheka. Wengine walimpa chai, wakasema watafikiria. Mmoja hakumfungulia mlango, na sitawadanganya kwamba baadaye alimfungulia. Siku ya jubilei walikuja wachache, mvi tupu, wakaanza kuondoa makoti na miavuli kwenye benchi lao wapate pa kukaa.

Na mjane akaja, kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, akawekwa palepale pake. Wimbo wa kwanza ukaanza. Mpiga besi akafumba macho, akainamisha kichwa. Aliwasikia sauti ya kwanza. Aliwasikia wale wazee wa sauti ya nne, na akapunguza unene wa gitaa kidogo kuwapisha. Ila mpiga besi hakumsikia mama. Sauti yake ilikuwa imezeeka, imebaki nyuzi tu, na gitaa lilikuwa limejaa palepale katikati inapopita sauti ya akina mama wa benchi lake. Mkono wa mpiga besi ukashuka kwenye kitufe cha kati, ukakirudisha nyuma, taratibu, mpaka ile sauti ya bibi kizee ikatokeza, imepasuka, inatetemeka, ipo.

Wakongwe walishaanza kunong'onezana: "Siyo yenyewe. Haifanani hata kidogo." Walikuwa na haki. Haikufanana hata kidogo.

Mama alijisikia anaimba. Akaacha kuimba, akamshika mkono jirani yake. "Huyo," akasema, machozi yanamtoka. "Umemsikia? Huyo ndiye yeye."

Sasa mimi na nyinyi.

Sisi tunapenda zamani, na tuna haki ya kuipenda. Mimi mwenyewe nimewasifia tangawizi ya Alhamisi mpaka nikataka kulia hapa mbele yenu. Lakini jiulizeni tumefunga plasta wapi katika kanisa hili. Tunasema ibada iliendeshwa hivi na wazee wetu. Sawa. Waliiendesha hivyo kwa sababu ya nani? Nani alikuwa mgonjwa siku hiyo, nani alikuwa mgeni, benchi la nani lilikuwa tupu? Hayo hatukuyauliza. Tulitia nukta tu. Na nyumbani je? Baba yako alikuwa mkali kwako siku moja, labda siku hiyo ulikuwa unahitaji ukali. Wewe umeichukua siku ile moja, umeifungia plasta, na leo unamlelea nayo mtoto ambaye anahitaji mtu wa kumtandikia chini pawe laini. Kisha unasema, nalea kama nilivyolelewa. Ulilelewa na mtu aliyekuwa anakusikiliza, ndugu yangu. Wewe unamsikiliza nani?

Tulirithi kitufe, tukasahau sikio.

Nilipokuwa nasimama hapa leo nimetazama kule nyuma, kulia, karibu na dirisha. Nyote mnalijua lile benchi. Palikuwa na watu pale. Wengi wenu mnaweza kuniambia majina yao na nyimbo walizozipenda. Leo pana miavuli.

Na wewe uliyekaa peke yako pembeni ya hiyo miavuli, usishtuke, sikuiti mbele. Kwaya, simameni. Rudieni ule wimbo wenu, huohuo uliowashinda. Mpiga besi, anza taratibu, na usifungue macho mpaka umemsikia yule pale nyuma.