Dragozet Aliyevuta Plau

Katika zama za mababu wa mababu, nchi za Balkani zilipokuwa bado misitu na mbwamwitu, chini ya mlima Mrkovrh alizaliwa Dragozet mwana wa Velika, mjukuu wa Bogoje mhunzi. Dragozet Mabega-ya-Fahali, aliyenyoosha kiatu cha farasi kwa vidole vyake, mtu wa maneno machache na hasira ndefu.

Bonde lote lilikuwa mali ya Hranko, bwana wa ngome. Mwaka wa njaa Hranko aliwaswaga ng'ombe wote wa kulimia, akawachinja kwa harusi ya binti yake, na watoto wa bondeni wakafa wakinusa nyama hiyo ikichomwa. Milka, mdogo wake Dragozet, alikuwa miongoni mwao. Dragozet alimzika kwa mikono yake, wala hakulia.

Akawaongoza waliosalia hadi kwenye mteremko wa mlima. Huko akajifunga nira shingoni, akavuta plau kama fahali, mama yake Velika akiishika nyuma, mpaka ardhi ile ya mawe ikapasuka na shayiri ikaota.

Shayiri ilipoiva, Hranko akaja na wapanda farasi wake. "Nani amekupa ruhusa ya kulima mlima wangu?"

"Njaa uliyotuletea," akajibu Dragozet.

"Pigeni magoti, niwasamehe."

Watu wakapiga magoti, vijana kwa wazee, wakabaki wima Velika na mwanawe tu. Dragozet alipowaona wamepiga magoti juu ya shayiri aliyowalimia, ghadhabu ikampanda. Akainyakua nira, akawavamia wapanda farasi peke yake, akawaangusha kama mabua, na Hranko akafa kinywa kimejaa udongo. Lakini mikuki ilikwisha kumwingia Dragozet ubavuni.

Watu wakakimbilia kumshika. Akawasukuma.

"Msiniguse. Hranko nilimjua kuwa adui. Ninyi mlikuwa ndugu zangu."

"Wasamehe, mwanangu," Velika akamsihi.

"Wasamehe wewe, mama. Mimi sina muda huo."

Akaupanda mlima akivuja damu, asigeuke nyuma, hata theluji ya kileleni ikamficha. Walimtafuta, wasimpate.

Kijiji kikaitwa Dragozetovo. Kaburi la kuzuru hakina. Ila tangu siku ile watu wake hawampigii magoti mfalme wala jeshi. Hata kanisani husali wima, na kasisi mgeni akiwauliza sababu, huinamisha nyuso kwa aibu.