Shingo ya Kidawa Iliyogoma Kuinuka

Mwaka ule mvua iligeuka habari ya kusimuliwa tu, na wanyama wa nyika ya Kimbiro wakachimba kisima kwa zamu. Walichimba wote isipokuwa Sungura, kwani yeye, jamani, alikuwa na mkutano. Leo mkutano, kesho mkutano, keshokutwa amechoka kwa mikutano.

Simba akaamuru asiyechimba asinywe. Watoto wa twiga wakapewa ulinzi, maana desturi ya pale ni kwamba mwenye shingo ndefu ndiye jicho la wote. Kila Sungura alipojipenyeza, Kidawa, binti wa Mama Twiga, alimwona toka mbali.

"Huyooo! Anakuja na kibuyu!"

Sungura akaona hapa pana kazi. Akaenda kambi waliyohama watalii, akaokota simu na kibao cha sola cha kuzichajia, akarudi amejaa huruma.

"Shikamoo, Mama Twiga. Hawa watoto wananiuma roho. Njaa, jua, na zamu juu yake! Wape hizi wachangamke."

"Marahaba. Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Nitake nini, mama? Upendo tu."

Mama Twiga alikuwa mama mchanga, mtoto ndiye huyo wa kwanza, hajalala siku tatu, Kidawa kutwa analia njaa, basi akapokea. Akaiweka simu chini kwa sababu twiga hana mikono, Kidawa akainama, akanyamaza. Akanyamaza kabisa! Mama akapumua, akasema afadhali. Jioni majirani nao wakaja kuulizia za kwao.

Mwezi ukapita, watoto wote wameinama. Simba akapita mbele yao amevimba kifua.

"Mnaona adabu hiyo? Kila nikipita, shingo chini. Vijana wamelelewa hawa!"

Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hawajamwona hata mkia. Kisima nacho kikawa kinapungua, na Sungura akawa ananenepa. Mikutano inanenepesha, inaonekana.

Asubuhi moja Kidawa akasema, "Mama, shingo inaniuma. Na hapa begani kama sisimizi wanatembea."

"Achana na hiyo simu, inua kichwa ule."

"Hakiinuki."

"Hakiinuki vipi? Kidawa! Usinitanie!"

Hakikuinuka. Na majani yaliyobaki yalikuwa juu kabisa ya migunga, chini hakuna hata kijiti. Mama angemchumia leo, angemchumia kesho, je, siku mama hayupo? Akaikanyaga simu ikawa unga, akamkokota mtoto mbio mpaka kwa Fisi, aliyejiita bingwa wa mifupa. Kweli mifupa anaijua.

Fisi akaipapasa shingo mara mbili, akameza mate.

"Hii haina dawa, mama. Niachie mtoto, nenda kapumzike. Nitaishughulikia yote."

"Utaishughulikiaje?"

"Taratibu. Naanzia hapa penye mnofu."

Wakatoka mbio. Njiani Kidawa, kichwa chini, simu hana, cha kutazama kikawa udongo tu. Akasimama.

"Mama, nani anapita hapa kila siku? Nyayo ndogo, za nyuma ndefu. Na tope bado bichi."

Kiangazi kile tope lilikuwa mahali pamoja tu, kisimani. Mama akamwita Simba, wakafuata nyayo mpaka kwa Sungura. Wakamkuta anaoga, vibuyu saba vimejaa pembeni.

"Shikamoo, Mzee Simba! Nilikuwa nawatunzia."

"Umepitaje? Walinzi hawakukuona?"

"Wangenionaje, Mzee, na wameinama kutwa?"

"Wananiinamia mimi!"

"Wanainamia simu, Mzee," Mama Twiga akasema huku machozi yanamtoka. "Kazileta huyu. Na aliyempa wangu ni mimi."

Mwenye majivuno akiaibika, ole wake aliye karibu. Simba akamsimamisha Sungura juu ya kichuguu kwa miguu ya nyuma, alinde kisima tangu alfajiri hadi magharibi, mpaka shingo ya mwisho ya mtoto wa twiga inyooke.

"Na mikutano yangu?"

"Utaifanyia hukohuko juu."

Fisi akatuma salamu kwamba shingo ya Sungura ikianza kuuma, yeye yupo.

Simu zilizobaki zikakusanywa. Mama Twiga akawa anachuma tawi moja la majani na kumshikia Kidawa kwa mdomo, kila siku juu kidogo kuliko jana. Kidawa alilia, akanuna, akamtukana mama yake kimoyomoyo, akainua. Hata leo hajaufikia mgunga. Amefika usawa wa goti la mama, na mama huyo akawatangazia majirani kana kwamba binti kagusa mawingu.

Kwa hiyo, anayekuletea utulivu wa mtoto wako bure, muulize kwanza ni jambo gani hataki mtoto huyo alione.