Kuku wa Mama Mbelwa

"Ukimfukuza kuku baruani, umemfukuza na mama." Mnauliza nani alisema? Mimi, bibi yenu! Msicheke. Mmenisomea mchezo wenu hapa, muuza maandazi anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, nikashindwa kuvumilia. Basi sikilizeni methali hii ilivyozaliwa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba kule Soni, nimemaliza darasa la saba, kichwa kimejaa tamaa ya kuwa mwandishi wa hadithi. Majirani wasiojua kusoma walinijia niwaandikie barua. Siku moja akaniita Mama Mbelwa. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na mwanawe Mbelwa alikuwa Mtwara mwaka wa tatu bila kurudi, kwa sababu waligombana.

"Mwandikie aje," akaniambia. "Nataka kumwona uso kabla sijawa kipofu."

Akaanza kusema, huku anaanika mahindi uani. "Mbelwa, we jitu, bado hujachoka kuzurura? Shii! Toka hapo, kishingo wee! Paa linavuja upande wa kitanda chako. Shii! Kuku huyu ataniua mimi!"

Jamani, niliona aibu! Barua gani ina kuku asiye na manyoya shingoni ndani yake? Nikaandika yangu: "Ewe mwanangu mpenzi, nuru ya macho yangu, moyo wangu umejawa na shauku isiyo kifani." Wallahi nilijipenda! Hata kumsomea sikumsomea, nikaenda mbio posta.

Majibu yakaja baada ya mwezi. Nikayafungua palepale uani na kuyasoma kwa sauti. "Wewe uliyeandika, sikujui. Mama yangu hajaniita nuru tangu anizae. Kama amekufa, niambieni wazi. Nije kufanya nini, kama hayupo?"

Mama Mbelwa akaketi chini, juu ya mahindi yake. "Mwanangu ananililia nami ni mzima? Uliandika nini, mtoto wewe?"

Nikamtajia maneno yangu yote.

"Huyo mwanamke anayesema hivyo ni nani?" akauliza.

Nililia, nyie, nililia kwa hofu. Macho yake yangezimika, na kosa lingekuwa langu. "Nisamehe, mama. Sema tena, sitaongeza wala kupunguza."

"Na kuku?"

"Na kuku."

Basi akasema, nami nikaandika. Jitu, paa, matusi mawili nisiyoweza kuwatajia, na kila shii! Shii! Kishingo alitokea mara nne katika ukurasa mmoja. Nikaipeleka posta, na tangu siku hiyo nikawa nahesabu siku kwa vidole.

Wiki ya tatu, asubuhi, tukasikia mtu anapanda mlima mbio, mzigo kichwani, anapiga kelele: "Yuko wapi huyo kishingo? Yuko wapi nimchinje?" Mbelwa! Niliruka, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mama yake akamshika uso kwa mikono miwili, akamsogeza karibu kabisa na macho yake, akamtazama kwa muda mrefu.

"Umekonda, we jitu," akasema. Wote wawili wakalia.

Haya, inukeni. Nendeni sokoni mkamsikilize muuza maandazi mpaka mumjue, na akimkemea mtu katikati ya sentensi, mwandikeni hivyohivyo. Ukimfukuza kuku baruani, wajukuu zangu, umemfukuza na mama.