Siku Sange Alipomsinga Fisi

Hadithi, jamani, hadithi!

— Ije tuisikie!

Ije na nini?

— Ije na harufu yake!

Mlioko nyuma kule, mmeshaisikia harufu?

— Tumeisikia!

Waongo wakubwa nyie, hata chungu sijabandika. Haya, tulieni.

Hapo kale palikuwa na Bi Sange. Sange mnamjua, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kuliko adabu, pua isiyotulia hata mwenyewe akilala. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kibustani. Si kikubwa, mngekizunguka kwa hatua ishirini tu. Mrehani ulikaa kwenye tuta lake, mchaichai pembeni, na mwasumini ulipanda ukutani. Mnanaa aliupanda ndani ya mtungi uliovunjika shingo, kwa sababu mnanaa ukiuachia ardhi unazagaa mpaka kwa jirani. Palikuwa na kivumbasi pia, cha kufukuzia mbu. Jirani akiumwa tumbo, Bi Sange anampa mnanaa. Mtoto akishikwa na mafua, anamchemshia mchaichai.

Lakini kilichomweka bustanini kutwa si wagonjwa, ni udadisi. Anafikicha jani, ananusa: ff, ff, ff! Anauliza, "Mbona jani likiwa mtini limenyamaza, na likifikichwa linapiga kelele?" Anafikicha jingine, ananusa: ff, ff, ff! Anauliza, "Mbona la asubuhi linanukia kuliko la mchana?" Hakuna aliyemjibu, na wala hakujali. Alikuwa anapenda kuuliza tu.

Siku moja jua limeshapanda, ameinama anakata vichwa vya mrehani usije ukatoa mbegu mapema, akasikia nyuma yake: pu! pu! pu! Kabla hajageuka, mkia wake ukakanyagwa.

Alikuwa Fisi.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Bi Sange.

"Marahaba. Usijisumbue kuinuka. Nitakula hivyo hivyo ulivyo."

Bi Sange aliogopa, tusidanganyane. Lakini pua yake, hata siku ya kufa, haikuacha kazi. Ff!

"Bwana mkubwa, naomba kuuliza kabla hujanila."

"Uliza upesi."

"Ni nini hicho unachonuka?"

Fisi akashtuka. "Mimi? Nanuka?"

"Unanuka mzoga wa juzi. Unanuka na tope. Halafu kuna kitu cha tatu sikijui, hicho ndicho ninachokiulizia."

"Kumbe ndiyo maana Paa ananikimbia ningali ng'ambo ya bonde!"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ungekuwa unanukia, Paa angekuja mwenyewe kukutazama. Wewe unahangaika na mimi, tonge lisiloziba hata pengo la jino, na Paa mzima anakupita!"

Fisi akamfikiria Paa mzima. Mate yakamdondoka: to, to, to.

"Basi nisafishe," akasema. "Lakini sikiliza. Nikishanukia, ninaanza na wewe, ndipo niende kwa Paa. Na usithubutu kukimbia. Pua yangu hii inafukua mfupa uliozikwa mwaka jana. Popote utakapojificha, nitakufuata kwa pua."

Akauachia mkia. Bi Sange akaona hana pa kwenda, uwanja ni mweupe na Fisi ana mbio. Akachukua kisu.

"Konzi moja ya majani itatosha, bwana mkubwa."

"Konzi moja? Mimi unanionaje? Ng'oa yote!"

"Nitakata yote, ila nising'oe. Mizizi inanuka udongo, itakuharibia."

Alidanganya. Alijua kwamba mrehani ukiukata juu ya kifundo hutoa matawi mawili, na ukiung'oa na mizizi ndiyo kwaheri. Akakata taratibu, akatia majani kinuni, akatwanga: twa! twa! twa! Akamsinga Fisi mgongo mzima kama anavyosingwa bibi harusi: kwaru, kwaru, kwaru.

"Bado nanuka?" akauliza Fisi.

Ff, ff, ff! "Bado unanuka."

"Ongeza!"

Akatwanga kivumbasi: twa! twa! twa! Akamsinga tumbo: kwaru, kwaru, kwaru.

"Bado nanuka?"

Ff, ff, ff! "Bado unanuka."

"Ongeza!"

Akatwanga mchaichai, akatwanga mnanaa, akamsinga miguu yote minne mpaka ncha ya mkia. Jasho likamtoka. Mikono ikawa ya kijani hadi kwenye viwiko.

"Bado nanuka?"

Bi Sange akanusa. Ff. Akanusa tena. Ff, ff, ff. Hakusikia kitu. Hakumsikia Fisi, hakuusikia mrehani, hakuusikia hata moshi wa jiko lake mwenyewe. Akaokota ganda la kitunguu, akaliweka puani. Hakusikia kitu! Ajabu ile ikamsahaulisha kwamba yeye ndiye kitoweo.

"Mbona pua imenyamaza?" akajiuliza. "Imeshiba? Pua nayo hushiba?"

Swali hilo likazaa jingine. Pua yake ndogo haikupakwa chochote, ilikaribia tu, na imeshiba. Je, ile kubwa ikipakwa?

"Wewe! Nimekuuliza, bado nanuka?"

"Kidogo tu, bwana mkubwa. Mwili umetakata. Iliyobaki ni pumzi, na pumzi inatokea puani."

"Basi paka puani!"

"Nipake kidogo?"

"Yote!"

Akampaka yote. Akampaka nje ya pua, akampaka ndani ya pua, akamminyia na maji ya mnanaa juu yake. Fisi akapiga chafya: chyaa! Machozi yakamtiririka.

"Inachoma!"

"Ndiyo inafanya kazi. Fumba macho."

Fisi akafumba. Bi Sange akamtungia kikuba, kile kishada cha mrehani na asumini wanachovaa maharusi, akamfunga shingoni, kikae mbele, karibu kabisa na pua. Akamwambia akae hivyo hivyo mpaka dawa ikauke. Kisha yeye nyatu, nyatu, nyatu, mpaka kwenye chungu kikuukuu kilichotoboka, akajifunika nacho.

Fisi akachoka kungoja. "Sange!" Kimya. "Sange!" Kimya. Akafumbua macho, machozi yakamzuia kuona mbali. Akacheka.

"Nilikwambia. Nitakufuata kwa pua."

Akanusa mlango: mrehani. Akanusa kinu: mrehani. Akaingia ndani akanusa kitanda, akanusa mto, akanusa kapu: mrehani, mrehani, mrehani! Akatoka tena bustanini. Akaipata harufu moja kali inayokimbia mbele yake. Akaifuata. Ikakimbia, naye akakimbia, wakazunguka tuta mara tatu, akairukia akaing'ata: ng'wa!

"Yalaa! Mkia wangu!" akalia Fisi.

Mwingine angebaki ndani ya chungu anamshukuru Mungu. Bi Sange alitaka kujua. Je, pua ya Fisi imeshiba kweli, au anaigiza? Na ikishiba, inashiba yote au upande mmoja? Udadisi ukamsukuma, sogea, sogea, mpaka pua ikatokeza kwenye tundu la chungu. Pua tu, si zaidi.

Hapo hapo Fisi akawa anapita.

Akasimama. Akainama. Pua yake kubwa nyeusi ikagusana na pua ya Bi Sange. Bi Sange akaacha kupumua, akasema moyoni, leo nimekwisha, na aliyeniua si Fisi, ni maswali yangu. Fisi akavuta pumzi ndani kabisa: fffff!

"Jani," akasema, akaenda zake.

Akaenda kumtafuta Paa. Paa akasikia harufu tangu ng'ambo ya bonde, akasema kuna harusi, akaja mbio kumtazama bibi harusi. Akayaona meno, akageuka. Fisi akamfuata kwa pua, akakuta mrehani mtupu. Siku hiyo alilala njaa. Kesho yake alilala njaa. Alilala njaa siku tatu, mpaka mvua ilipomnyeshea ikamwosha.

Bi Sange aliinua chungu, akakaa chini, akalia kidogo na kucheka kidogo.

Hadithi yangu nimeikunja kama mkeka, aliyeikalia na ainuke.

Ngojeni! Fundisho! Hamuondoki bila fundisho.

Fisi aliishi na uvundo wake miaka yote, akala, akashiba, akanenepa. Akaoga siku moja tu, akakosa chakula siku tatu. Kwa hiyo, watoto wangu, kuoga ni hatari. Mama zenu wakiwaita jioni hii, waambieni hivyo hivyo, kwa adabu, na muwe mmeshasimama karibu na mlango. Wakiuliza ni nani aliyewafundisha, mimi simo.