Wa Ishirini na Tatu

Kabla sijaendelea na somo letu, wapendwa, nipeni dakika chache niwasimulie habari za fundi cherehani mmoja.

Aliitwa Yustina. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, akiishi Babati na kushona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yake. Watoto wake wawili walikuwa mbali, mmoja Geita, mwingine Mtwara, nao walimpigia simu kila Jumapili. Mwaka huo makanisa ya pale mjini yaliunda timu ya kutembea kwa miguu kutoka Babati hadi Singida, mwendo wa siku sita, kuchangisha fedha za ujenzi wa nyumba ya kulala wagonjwa wa saratani wanaotoka mbali kufuata matibabu. Yustina akajiandikisha. Watu walishangaa kidogo, maana hakuwa mtu wa kujichanganya, lakini walimpigia makofi na kumpa fulana ya njano kama wenzake.

Asubuhi ya safari, kiongozi wa timu, mwalimu Gwandu, aliwapanga wawili wawili ili magari yapite vizuri. Sasa sikilizeni. Walikuwa watu ishirini na watatu. Wakapangwa, wakapangwa, mwishoni akabaki Yustina. Mwalimu akamwambia atembee nyuma, mtu wa kuungana naye atapatikana njiani. Hakupatikana.

Siku ya kwanza waliimba. Wanafunzi walitoka madarasani kuwapungia, na wanakijiji wakawaletea uji. Yustina alikuwa nyuma, akiitazama migongo ya wenzake. Alikuwa na jambo moyoni, akajiambia atalisema wakati wa chakula. Ulipofika wakati wa chakula watu wakaonyeshana picha kwenye simu. Akajiambia kesho.

Siku ya tatu, mlima Hanang ukiwa mbele yao umejifunika mawingu, alikaza mwendo akawafikia akina mama wawili wa kwaya. Akawasalimia. Akawaambia kwamba kuna kitu angependa wakisikie. Pale pale filimbi ikalia. Mpiga picha alikuwa amefika, na kila mtu alitakiwa kwenda mbele kushika bango. Wale akina mama walimgusa bega wakamwambia watazungumza baadaye, wakakimbia. Na kusema kweli hawakuwa na ubaya. Walisahau tu.

Hebu niwaulize. Umewahi kuwa na neno tayari mdomoni, ukazunguka nalo siku nzima kati ya watu, ukarudi nalo nyumbani kama lilivyo? Basi unamjua Yustina. Baada ya siku ile hakujaribu tena.

Siku ya tano malengelenge yalimtoka mguuni. Siku ya sita, ambayo ilikuwa Jumamosi, walitakiwa kufika Singida saa tisa alasiri, kwa sababu mgeni rasmi angewapokea. Mwalimu Gwandu akamrudia nyuma na chupa ya maji, kama alivyofanya kila siku.

"Mama, kupanda gari si aibu," akamwambia. "Umeshatusaidia vya kutosha."

Yustina akamwomba amwache atembee polepole. Mwalimu akatazama saa, akasema dereva akishapeleka vinywaji mbele atarudi kumchukua. Lakini dereva alipofika mjini alipewa kazi ya kubeba viti, akachelewa. Fulana za njano zikawa ndogo, zikawa ndogo zaidi, zikaingia kwenye kona. Barabara ikabaki na upepo na malori. Alitembea hivyo kwa muda wa saa mbili, akichechemea, bila mtu wa kumwambia hata kwamba jua ni kali.

Zikiwa zimebaki kilomita saba alifika kwenye meza za vitunguu kando ya barabara. Muuzaji mmoja, Mwanaidi jina lake, alimwona anavyokanyaga, akamvutia kigoda na kumletea maji ya kunawa miguu. Akamwambia wenye fulana kama yake wamepita zamani, wakisema wanatembea kwa ajili ya wagonjwa.

"Na wewe, dada? Unatembea kwa ajili ya nani?"

Siku sita, wapendwa. Hilo lilikuwa swali la kwanza.

Yustina akatumbukiza miguu majini. Kisha akasema, "Kwa ajili yangu."

Akaeleza yote, miguu ikiwa ndani ya beseni. Wiki tatu kabla ya safari alikuwa amekutwa na saratani ya titi. Alipewa barua ya kuanza matibabu, na barua ilikuwa kwenye mkoba wake, haijaonwa na mtu mwingine yeyote. Watoto hakutaka kuwashtua kwa simu. Usiku alikuwa akifikiri asiende hospitali kabisa.

"Nilijiandikisha kwa sababu moja," akasema. "Niliona kati ya watu wanaotembea kwa ajili ya wagonjwa sitakosa mmoja wa kumwambia."

Mwanaidi hakumpa maneno mengi. Aliuliza barua inasema lini. Yustina akajibu keshokutwa, Jumatatu. Mwanaidi akafunika vitunguu vyake kwa turubai, akamwomba jirani amwangalizie meza, akajifunga kanga vizuri, wakaondoka pamoja.

Walifika saa kumi na mbili kasoro. Mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka, picha ya timu imeshapigwa, watu wanakunja viti. Mwalimu Gwandu akaja mbio na kiti mkononi, akaomba radhi, akasema alidhani dereva amemchukua. Akamweleza kwamba sherehe ilikuwa nzuri sana, na timu nzima imeshukuriwa kwa niaba ya wagonjwa.

Mwanaidi akamtazama Yustina. Yustina akaitikia kwa kichwa.

"Mwalimu," akasema Mwanaidi, "mgonjwa ndiye huyu."

Yule mwalimu alisimama na kile kiti, asijue akiweke wapi.

Najua mnataka kusikia kama alipona. Mimi nitawaambia hivi tu: alianza matibabu siku iliyoandikwa kwenye barua, na pale kwenye benchi la hospitali alikaa katikati, Mwanaidi upande huu na mwalimu Gwandu upande ule.

Sasa sisi. Sisemi ile safari ilikuwa bure. Nyumba ilijengwa, na wagonjwa wanalala humo. Lakini sisi tunajua kuwapenda wagonjwa wakiwa wengi na wakiwa mbali. Tunawashonea mabango. Mmoja, aliye karibu, anayetembea taratibu kuliko ratiba yetu, huyo ndiye anatushinda. Tunampa maji, tunampa fulana, tunampangia gari. Kumuuliza habari zake hatumuulizi.

Na wewe uliyekuja leo na barua yako mkobani, ambayo hakuna aliyeiona, nisamehe. Mimi ni mchungaji wako na sijakuuliza.

Wimbo wa kufunga utasubiri. Geuka umtazame aliyekaa karibu nawe. Mimi nanyamaza, ili mpate nafasi ya kuulizana.